Kupiga, Kuosha, Kuunguza: Historia Fupi ya Maneno ya Picha Kariakoo

UTANGULIZI

Miezi michache iliyopita mwalimu mmoja wa sanaa katika shule ya sekondari ya hapa Dar es Salaam alituletea barua yenye swali moja. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wake kutengeneza picha za maua bila kutumia kamera. Wanafunzi waliipaka karatasi dawa, wakatandaza juu yake jani la mpapai na maua ya mkrismasi, wakaianika juani, kisha wakaiosha kwa maji. Karatasi ikawa ya buluu, na kila mahali palipokuwa na ua au jani pakabaki peupe. "Wanafunzi wananiuliza," aliandika mwalimu huyo, "kama picha hii haikupigwa, tuseme imefanywa nini?"

Swali hilo linaonekana dogo. Lakini kwa sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni istilahi, ndani yake mna tatizo kubwa. Kiswahili kina kitenzi kimoja mashuhuri cha kazi ya picha, nacho ni kupiga. Mwenye kamera anapiga picha; mwenye kazi hiyo ni mpiga picha; kazi yenyewe ni upigaji picha. Sasa mtu akitengeneza picha kwa jua na ua peke yake, au akiitumia kamera kinyume cha kanuni zake ili apate umbo ambalo jicho halilioni, tendo lake tuliitaje?

Sharti nikiri kwamba jibu langu la kwanza halikufaa. Niliketi mezani, nikafungua kamusi mbili tatu za Kiingereza, nikaandika: "fotografia ya kimajaribio isiyotumia kamera." Kila neno lilikuwa sahihi, na fungu zima halikuwa na uhai. Kabla ya kulipeleka mbele, nilikwenda nalo Kariakoo kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya studio kwa zaidi ya miaka thelathini. Makala haya yametokana na mazungumzo yetu. Yanakusudia kueleza jinsi maneno ya picha yalivyoingia na kukua katika Kiswahili cha pwani na cha jiji hili, na kuonyesha kwamba istilahi tunazozitafuta kwa ajili ya picha za kibunifu, kwa sehemu kubwa, zimo tayari katika lugha ya mafundi.

NENO PICHA NA KITENZI PIGA

Mwaka 1839, ulipotangazwa uvumbuzi wa Mfaransa Louis Daguerre na wa Mwingereza William Henry Fox Talbot, mwanasayansi John Herschel alipendekeza kazi hiyo mpya ipewe jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la nuru na la kuandika. Lugha nyingi za Ulaya zikalichukua jina hilo. Upande wa Kongo, kwa njia ya Kifaransa, wasemaji wa Kiswahili husema foto.

Kiswahili cha pwani hakikuchukua nuru wala kuandika. Kilikuwa tayari na neno sanamu, ambalo zamani lilibeba maana ya mfano wowote wa kiumbe, uwe wa kuchonga au wa kuchora. Kilikuwa pia na maneno sura na taswira, yenye asili ya Kiarabu. Hata hivyo neno lililoshinda ni picha, kutoka Kiingereza, nalo halitofautishi kazi ya kalamu na kazi ya kamera. Ndiyo maana hadi leo twalazimika kuongeza maelezo: picha ya kuchora, picha mnato, picha jongefu.

Kilichoitenga picha ya kamera ni kitenzi. Picha ya mchoraji huchorwa. Picha ya kamera hupigwa. Hapa kitenzi piga hakina maana ya kuadhibu. Kiko katika jamaa moja na kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga muhuri, kupiga simu na kupiga taipu. Katika matumizi hayo yote kinaonyesha tendo linalofanywa kwa chombo, ambalo nguvu yake iko katika chombo zaidi kuliko katika mkono. Pasi, simu, taipu na kamera ziliingia katika maisha yetu kama zana, na wasemaji wakazipokea zote kwa kitenzi kile kile. Hawakungoja kikao cha kamati yoyote. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Orodha za Tafsiri Sanifu zilianza kutolewa katika miaka ya 1970. Ilipofika miaka hiyo, wananchi walikuwa wakipiga picha na kupigwa picha kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kitenzi piga kilitosha maadamu kazi ya kamera ilieleweka kuwa ni moja tu, yaani kunasa kwa haraka kile kilichosimama mbele yake. Lakini historia ya studio za pwani inaonyesha kwamba kazi hiyo haikuwa moja hata siku moja.

STUDIO ZA PWANI

Upigaji picha ulifika mapema katika miji ya pwani. Kisiwani Unguja, Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio katika karne ya 19. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Walther Dobbertin alipiga picha nyingi za Dar es Salaam na za bara, ambazo sehemu yake imehifadhiwa leo katika hifadhi ya nyaraka ya shirikisho la Ujerumani. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio huko Unguja. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1940, na picha zake za watu waliojipanga kama wachezaji wa filamu zimeonyeshwa na kuandikwa sana baada yake.

Tukizitazama picha hizo kwa utaratibu tunaona aina mbili za kazi. Aina ya kwanza ni ile ya kuonyesha kilichopo: bandari, barabara, jengo la serikali, msafara wa wapagazi. Aina ya pili ni ile ya studio, ambako mteja hakuja kuonyeshwa alivyo bali alivyotaka kuwa. Nyuma yake lilitundikwa pazia lililochorwa bustani, ngazi au bahari. Mezani kiliwekwa chombo cha maua ya plastiki. Kabla ya filamu za rangi kuenea, fundi alichukua brashi nyembamba akalipaka ua rangi nyekundu, na mdomo wa bibi harusi vivyo hivyo. Kisha alikaa na penseli iliyochongwa vyema, akaondoa kovu au kunyanzi katika negativu kabla picha haijatolewa. Ua lile halikuota mahali popote, na shavu lile halikuwa laini kiasi kile, lakini mteja alilipa akaondoka na furaha.

Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikwenda mbali zaidi. Alijulikana kwa picha za kuungaunga, ambamo sura ya mtu huondolewa mahali pake na kuwekwa pamoja na vitu ambavyo katika maisha ya kawaida haikaribiani navyo. Kazi kama hiyo ilifanywa na wasanii wa Ulaya katika miaka ya 1920, na vitabu vikaandikwa juu yao. Yetu ilifanywa katika duka dogo lililopokea wateja wa picha za vitambulisho, na jina lake katika Kiswahili halikuandikwa mahali. Hilo ni somo kwetu. Tunapodhani kwamba ubunifu katika picha ni jambo la kigeni linalongoja kutafsiriwa, huenda ni kwa sababu tu hatukumwuliza fundi aliuitaje.

Jijini Dar es Salaam jambo hilo ni bora liulizwe Kariakoo. Jina la mahali hapo ni istilahi ngeni iliyotafunwa hadi ikawa yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, na kambi yao ilikuwa hapo. Jina la kikosi, lililokuwa la Kiingereza, likapita katika vinywa vya watu likatoka Kariakoo. Leo hakuna anayelisikia kama neno la kukopa. Jengo kubwa la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilikamilika mwaka 1975. Mapaa yake ya zege yana umbo la miavuli iliyopinduliwa, na yalikusudiwa kukusanya maji ya mvua. Pembeni mwa soko hilo, katika mitaa ya Sikukuu, Mkunguni, Narung'ombe na Congo, watu waliofika mjini kutafuta kazi walipiga picha zao za kwanza ili wazitume nyumbani.

LUGHA YA CHUMBA CHA GIZA

Nilimkuta mzee wangu amekaa kwenye kigoda mbele ya chumba ambacho sasa mwanawe anauzia vifaa vya simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa maneno?"

Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliisoma taratibu, akaniuliza kama hiyo ni picha au ni ugonjwa. Tulicheka, kisha akanikaribisha ndani kunionyesha kona iliyokuwa chumba cha giza. Beseni tatu za plastiki zilikuwa bado zimepangwa chini ya rafu, zimejaa nyaya.

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu vijana hawakuwahi kuona kazi hiyo, nitaieleza kwa kufuata maneno yake. Kamera ilivishwa mkanda. Mkanda ulipokwisha ulitolewa gizani kabisa na kuoshwa, yaani kutiwa katika dawa ya kwanza ambayo hufanya chumvi za fedha zilizoguswa na nuru zigeuke nyeusi, kisha katika maji, kisha katika dawa ya pili ambayo huondoa chumvi zilizobaki ili nuru isizidhuru tena. Zao lake ni negativu, ambamo cheupe kimekuwa cheusi na cheusi kimekuwa cheupe. Baada ya hapo negativu iliwekwa katika mashine ya kukuzia, nuru ikapenya na kuangukia karatasi chini ya taa nyekundu, na karatasi nayo ikapitishwa katika beseni zile zile. Hatua hiyo ya mwisho mzee aliiita kutoa picha.

Wateja hawakuzitenga hatua hizo. Kwao kazi nzima ilikuwa kusafisha picha, na mpaka leo husikika mtu akisema anakwenda kusafisha picha, ingawa picha imo ndani ya simu na hakuna dawa wala maji. Mfasiri aangalie hapo. Kuosha ni neno la fundi, lenye hatua mahususi. Kusafisha ni neno la mteja, lenye kufumbata kazi yote. Ukimwandikia mwanafunzi wa sayansi kwamba filamu husafishwa, atadhani ilikuwa chafu.

Nilimwuliza mzee maneno ya mambo yaliyoharibika, nikitarajia mawili matatu. Alinihesabia kwa vidole. Picha iliyoingiwa na nuru imeungua. Picha ya mtu aliyejongea, au ya mkono uliotetemeka, imetikisika. Mkanda usiposogea sawasawa, picha mbili zimepandana. Dawa ikiwa dhaifu, au karatasi ikitolewa mapema, picha imefifia. Negativu ikiwekwa kinyume, picha imegeuka, na saa ya mteja iko mkono wa kulia.

Wasomaji wa umri wangu, tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, tunalikumbuka neno kuungua kwa uchungu. Familia ilivaa, ikajipanga, ikalipa, baada ya wiki mpiga picha akarudi akasema, "Samahani, picha zimeungua." Sikukuu ikapotea. Neno hilo, hata hivyo, lilikuwa na ujuzi ndani yake, kwani nuru iliyozidi hufanya katika chumvi za fedha kile ambacho moto hufanya katika karatasi: huitia weusi yote.

KUTOKA KOSA HADI UBUNIFU

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipochukua njia nisiyoitazamia. Nilimweleza mzee kwamba wako wapiga picha ambao hutafuta makosa hayo kwa makusudi. Nilimtajia Lee Miller na Man Ray, waliokuwa wakifanya kazi pamoja jijini Paris mnamo 1929. Inasimuliwa kwamba Miller aliwasha taa ya chumba cha giza kwa bahati mbaya wakati negativu zikiwa bado katika dawa, nao badala ya kuzitupa wakajifunza kurudia kosa lile kwa kipimo, mpaka wakaweza kupata ukingo mweusi unaozunguka umbo la mtu. Nilimtajia pia Ernst Haas, mzaliwa wa Austria, ambaye katika miaka ya 1950 aliacha kwa makusudi mlango wa kamera wazi kwa muda mrefu kuliko kawaida alipopiga picha za rangi za mchezo wa ng'ombe huko Hispania, na wanyama na watu wakawa mikondo ya rangi.

Mzee alisikiliza, kisha akasema: "Basi hao hawana majaribio. Majaribio ni vile vipande vya karatasi nilivyokatia kupima nuru kabla sijatoa picha ya mteja, nikavitupa. Picha iliyoungua ni hasara. Picha uliyoiunguza ni kazi."

Nilirudi ofisini na sentensi hiyo. Bila kukusudia kufundisha sarufi, mzee alikuwa amebainisha tofauti yote kwa mnyambuliko wa kitenzi. Kuungua ni tukio linalokipata kitu. Kuunguza ni tendo la mtu mwenye nia. Nikaichukua orodha yake ya makosa, nikaipitisha katika kanuni hiyo hiyo. Iliyotikisika ikatoa kutikisa. Zilizopandana zikatoa kupandanisha. Iliyofifia ikatoa kufifisha. Iliyogeuka ikatoa kugeuza. Kila kosa la chumba cha giza lilikuwa na ndugu yake wa makusudi, naye ndiye istilahi niliyokuwa nikiitafuta katika kamusi za Kiingereza.

Faida yake si ya masikio tu. Tukisema "mbinu ya kupandanisha", mwanafunzi ataelewa mara moja kwamba picha mbili zimewekwa juu ya karatasi moja, na ataelewa pia kwamba jambo hilo lingeweza kutokea lenyewe. Tukisema "picha ya kuunguza", atajua kwamba nuru imeongezwa, na ni nani aliyeiongeza. Ni vigumu kupata istilahi ya kukopa itakayoeleza mambo hayo mawili kwa neno moja.

Aidha tunapata sababu ya kuliacha neno majaribio. Katika lugha ya ofisi na ya shule, jaribio ni mtihani mdogo au ni kazi isiyokamilika. Picha za majaribio zitadhaniwa kuwa ni za kutupwa, kama mzee alivyodhani. Kwa jina la fani nzima, picha za ubunifu ni fungu linalofaa zaidi. Na kwa mbinu zenyewe, vitenzi vya kutendesha vilivyotajwa hapo juu vyatosha.

UA JUANI

Limebaki swali la mwalimu wetu, ambalo halina kamera wala kosa. Hapa historia yaweza kutusaidia, kwa maana picha za maua zisizotumia kamera si jambo lililozuka baadaye. Zilikuwapo mwanzoni kabisa. Katikati ya miaka ya 1830, kabla uvumbuzi wake haujatangazwa, Talbot alilaza majani, maua na vipande vya lesi juu ya karatasi iliyotiwa chumvi za fedha, akaviweka juani.

Njia waliyoitumia wanafunzi wa mwalimu wetu ni ya Herschel, ya mwaka 1842. Dawa zake si za fedha bali za chuma. Hupakwa karatasini mahali penye mwanga hafifu, hukaushwa, na kitu hulazwa juu yake. Jua linapoipiga karatasi, dawa hubadilika na kushikamana nayo kwa rangi ya buluu iliyokolea. Palipofunikwa na ua, dawa haibadiliki, hivyo huondoka na maji. Mwaka uliofuata, 1843, Mwingereza Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza kilichotengenezwa chote kwa njia hiyo, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndicho kitabu cha kwanza kupambwa kwa picha za nuru. Alichokitafuta kilikuwa sayansi, yaani kuonyesha umbo kamili la kila mwani. Watu wa baadaye walikitazama wakaona sanaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mjerumani Karl Blossfeldt, mwalimu wa usanii wa mapambo, aliyekuza picha za machipukizi na mbegu ili wanafunzi wake wajifunze maumbo, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1928 kilimfanya mashuhuri miongoni mwa wasanii.

Tuiite nini picha ya namna hiyo? Wako watakaopendekeza fotogramu, kwa kuwa wataalamu wa Ulaya wametumia neno la asili hiyo. Silikatai kwa maandishi ya kitaalamu, lakini halimwambii mwanafunzi lolote. Wengine wamependekeza picha kivuli. Hilo lingekuwa zuri lisingekuwa kivuli kimekwisha kuajiriwa kwingine: kila mtumishi wa serikali anaijua nakala kivuli, na barua yenye picha kivuli itampeleka kwenye mashine ya kunakilia.

Pendekezo langu ni chapa ya jua. Chapa ni alama inayobaki baada ya kitu kugusana na kitu. Tunalo neno hilo katika kupiga chapa vitabu, katika chapa ya ng'ombe na katika cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Ua huigusa karatasi, jua hupiga, alama hubaki. Hivyo hata kitenzi chetu cha zamani hakikutupwa. Mwanafunzi aliyeuliza picha hiyo imefanywa nini aweza kujibiwa kwamba imepigwa, ila mpigaji ni jua. Zaidi ya hayo, mama aliyekaa Mtaa wa Uhuru akichagua kanga anajua tangu zamani kwamba ua laweza kuchapwa, na kwamba ua la kuchapwa halihitaji kufanana na ua la mtini ili lipendwe.

Ipo hoja moja dhidi ya pendekezo hili, nayo ni ya haki. Chapa katika biashara ni alama ya mali, na mtu aweza kuidhani chapa ya jua kuwa ni jina la sabuni au la kiberiti. Naamini muktadha utaondoa utata huo, kama unavyouondoa katika chapa ya kitabu. Lakini hoja hiyo naiweka wazi ili wasomaji waipime.

KARIAKOO YA LEO

Mwaka ule ule wa 1975 jengo la soko la Kariakoo lilipokamilika, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak huko Rochester, Marekani, jina lake Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza iliyohifadhi picha kwa tarakimu badala ya filamu. Yamkini hakuna aliyekuwa Mtaa wa Mkunguni siku hiyo aliyedhani kwamba mambo hayo mawili yatakutana. Yalikutana. Simu zilipokuja na kamera ndani yake, studio zikafungwa moja baada ya moja, na mwaka 2012 Kodak yenyewe iliomba mahakamani kinga ya mufilisi.

Kamera ya simu imemrudisha mpiga picha barabarani. Vijana wanapita Kariakoo wakipiga mapaa ya soko yaliyojitokeza katika dimbwi la maji baada ya mvua. Wanapiga mkokoteni unaopita kwa kasi hadi ukawa mstari. Wanapiga nyanya kwa karibu sana hadi ikafanana na mlima. Moto ulipoliunguza soko usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wengi wetu tulitafuta picha za jengo hilo katika simu zetu, tukagundua kwamba tulikuwa tumehifadhi zaidi picha za bidhaa na za nyuso zetu kuliko za mapaa yaliyokuwa juu yetu. Picha za kawaida na picha za ubunifu zina kazi mbalimbali, na jiji lahitaji zote mbili.

Lakini vijana hao hawakuyarithi maneno. Wakiitikisa picha kwa makusudi hutumia neno la Kiingereza walilolikuta katika programu ya simu. Wakipandanisha, vivyo hivyo. Hawayadharau maneno ya mzee wangu. Hawakuyasikia kamwe, kwa sababu chumba cha giza kilifungwa kabla wao hawajazaliwa au walipokuwa wadogo. Maneno ya ufundi huishi mikononi mwa mafundi, na mkono ukiacha kazi, neno nalo huanza kusahauliwa. Mzee alipoitafuta istilahi ya kile chombo cha kukamulia maji katika picha kabla ya kukausha, aliona umbo lake, akaonyesha kwa vidole jinsi kilivyoshikwa, na neno halikumjia. Tulingoja. Mwishowe alisema atalikumbuka nikishaondoka.

HITIMISHO

Yaliyoelezwa hapo juu yanaweza kukusanywa hivi. Kwa jina la fani, napendekeza picha za ubunifu. Kwa mbinu, napendekeza kuunguza, kutikisa, kupandanisha, kufifisha na kugeuza, na majina yanayotokana na vitenzi hivyo, kama uunguzaji na upandanishaji. Kwa hatua za chumba cha giza, tuhifadhi mkanda, kuosha, kukuza na kutoa, na tutenge kuosha kwa fundi na kusafisha kwa mteja. Kwa picha ya kitu kilicholazwa juani bila kamera, napendekeza chapa ya jua. Haya ni mapendekezo ya mwandishi. Usanifishaji wake utategemea wasomaji na vikao vinavyohusika.

Lililo muhimu kuliko orodha yenyewe ni utaratibu wa kuipata. Mara nyingi tumeanza na neno la Kiingereza tukateremka kutafuta la Kiswahili litakalolitosha, kama fundi cherehani anayeshona kwa kipimo cha mtu mwingine. Katika fani yenye mafundi wake, ingefaa tuanze na mafundi, na kwanza kabisa tuwaulize majina ya makosa, maana hakuna fundi asiyekuwa na majina ya makosa.

Naomba basi walimu, wafasiri na watumishi wa serikali walio Tanga, Mwanza, Unguja, Kigoma na kwingineko, wakipita mbele ya studio ya zamani, waingie na kuuliza. Tuletewe maneno jinsi yanavyosemwa, hata yakiwa ya kukopa, hata yakitofautiana na ya Kariakoo. Wazee waliofanya kazi hiyo kabla ya simu hawatakuwa nasi siku zote.

Mwalimu wetu nimekwisha kumjibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Aliniletea kwa shukrani chapa moja ya jani la mpapai, ya buluu na nyeupe, nami niliipeleka Kariakoo. Mzee aliigeuza huku na huku, akaitazama kwa muda, akauliza ni dawa gani iliyotumika. Kisha akamwita mwanawe aondoe nyaya katika beseni.